Droni Iliyovikwa Nailoni

Ilikuwa imefungwa kama kiporo. Nailoni ileile nyembamba ambayo wapishi wa harusi hufunikia mabeseni ya kachumbari ilikuwa imezungushwa mgongoni mwa droni, ikapitishwa tumboni, ikakazwa kwa gundi ya karatasi, na ncha yake ikaachwa inapepea. Mapanga manne tu ya kuirusha ndiyo yaliyobaki nje, nayo yalishaanza kushika matone. Praygod, mpiga picha aliyeletwa kutoka Arusha, aliinua kazi yake mbele ya watu waliojibanza barazani pa kanisa wakikwepa mvua, akaionyesha huku na huku kama mtu aliyeshinda zawadi kwenye bahati nasibu.

"Hapa maji hayaingii hata kidogo," alisema. Alikuwa amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwapo.

Domitila, dada wa bwana harusi, aliegemea nguzo akatabasamu.

Maji kuingia! Kana kwamba droni ni redio iliyosahauliwa kwenye kamba ya nguo. Chuoni Arusha, alikokuwa akifundisha, Domitila alikuwa amemaliza ujana wake ndani ya banda la mabati akizinyeshea droni ndogo kwa bomba lenye matundu na kupima kinachozipata. Alijua kwamba umeme ni sehemu ndogo tu ya shida. Kila tone linalotua juu ya panga huufanya uso wake uwe na vipele, na hewa iliyopaswa kuteleza juu yake ikavurugika. Panga likaanza kubeba kidogo na kukokota sana. Mota ikazunguka kwa pupa, betri ikanyonywa, na droni ikatumia nguvu zake zote kukaa tu pale ilipo. Ukiivika nailoni, umeiongezea mzigo na tanga la kushika upepo. Hayo yote Praygod hakuyajua, na kwa jinsi alivyosimama, hakukusudia kuyajua mpaka anaingia kaburini.

Wala Domitila hakumdharau yeye peke yake. Aliidharau kamati nzima ya harusi, kuanzia mwenyekiti wake, Mzee Nestory, muuza mabati na misumari, aliyeona kwamba kumiliki duka la vifaa vya ujenzi kunampa mtu kauli ya mwisho katika kila jambo lililo chini ya mbingu. Aliudharau mji wake kwa desturi yake ya kujizuia kuoana Kwaresima nzima, halafu Pasaka ikipita tu, watu wakavamia makanisa kwa pamoja, katikati ya masika, na kushangaa kwamba wananyeshewa. Mwaka huu kulikuwa na ndoa tatu kwa Jumamosi moja, na wingu la mlima Kwaraa lilizishukia zote bila upendeleo.

Alikuwa amejaribu kuwaambia. Kwenye kikao cha mwisho, nyumbani kwa Mzee Nestory, alisimama akasema droni isirushwe kama kunanyesha, hasa juu ya watu.

"Si suala la maji kuingia," alieleza. "Panga likilowa..."

"Mwalimu," Mzee Nestory alimkatiza kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto, "wewe umeisoma mvua chuoni. Sisi wenzako tunanyeshewa nayo tu. Kijana ameshasema ataifunika. Ajenda inayofuata, vinywaji!"

Watu waliangua kicheko. Mama yake ndiye pekee aliyesema, "Mwacheni mwanangu amalize," lakini Domitila alikuwa ameshaketi. Usiku ule, wakirudi nyumbani Singe, mama alimuuliza alitaka kusema nini.

"Hakuna kitu, mama. Waache wafanye wanavyojua."

Alilisema hilo kwa utamu fulani, na utamu huo alikuwa ameutunza hadi siku hii ya harusi.

Milango ya kanisa ilifunguliwa. Matarumbeta yaliyokuwa juu ya pikapu yalilipuka, na bwana harusi, Amos, akatoka na mkewe, Joyness, aliyekuwa ameshika gauni lake juu ya vifundo vya miguu. Akina mama wa upande wa bwana harusi walianza kutandika vitenge kutoka ngazini hadi kwenye gari, ili bibi harusi asikanyage ardhi. Kila kitenge kilichotua kilinywa tope na kuzama. Hawakujali. Walivua vingine viunoni, wakatandika juu ya vile, wakapiga vigelegele.

"Baraka hizi!" Mzee Nestory alipaza sauti, mikono juu, maji yakimtiririka kwenye suti. "Mungu mwenyewe amekuja na ndoo!"

Droni ikapaa.

Domitila aliisikia kabla ya kuitazama. Mlio wake haukuwa ule mwembamba wa siku kavu; ulikuwa mzito, wa kukwaruza, na kila mvua ilipozidi ulipanda kama wa mtu anayebishana. Ilipofika usawa wa paa iliyumba, ikazama kidogo, ikajikaza tena. Praygod alisukuma kidole gumba kwenye rimoti na kucheka na wasichana wa maua. Domitila alijua kidole kile kimebakiwa na nafasi ndogo sana ya kusukuma. Kwenda juu ingeweza bado. Kushuka ingeshuka vizuri tu. Kusimama baada ya kushuka ndiko kusingewezekana.

Alitaka ianguke. Tuseme tu ukweli, aliitaka ianguke kwa moyo wake wote, na hata mahali alikuwa amepachagua: mbele ya viatu vya Mzee Nestory, puu! kwenye tope, na ile nailoni yake ya kachumbari. Angewapita wote na kwenda zake. Aliiona kabisa sura ya mzee, na tabasamu likamtanda usoni.

"Mama mzaa chema!" Praygod aliita. "Toka kwenye mwavuli, mama, sogea hapo kwa bibi harusi! Naishusha niwachukue kwa juu!"

Mama yake Domitila alipiga hatua moja chini ya mwavuli wake, akasita. Aliitazama droni iliyokuwa ikigugumia juu yao. Kisha akageuka, macho yake yakapita kwenye nyuso za watu barazani, moja baada ya nyingine, mpaka yakamkuta Domitila kwenye nguzo. Yakatulia hapo. Halafu naye akatabasamu, akamkabidhi jirani mwavuli, akaingia mvuani na kumshika Joyness mkono.

Droni ikaanza kushuka.

"Mama!" Domitila alipiga kelele. "Mama, toka hapo!"

Matarumbeta yaliimeza sauti yake. Alishaanza kukimbia, akiteleza juu ya vitenge, lakini Praygod alikuwa anasukuma kidole hadi mwisho na droni haisikii. Ilikuja na nailoni yake ikipepea, ikampiga mama juu ya nyusi, ikabingirika hadi kwenye tope.

Tarumbeta moja iliendelea peke yake kwa muda, kisha nayo ikanyamaza. Damu ilichuruzika, ikachanganyika na mvua, ikashuka kwenye gauni la buluu ambalo mama alilishonesha kwa ajili ya siku hii. Mzee Nestory alikuwa bado ameinua mikono juu. Praygod alichuchumaa, akachana nailoni kwa kucha, akapitisha kidole ndani.

"Pakavu!" alisema kwa mshangao wa kweli, akiwatazama watu. "Oneni wenyewe. Ndani pakavu kabisa!"

Domitila alitafuta dharau yake ya kumtupia, hakuiona.

Ndani ya bajaji iliyowapeleka hospitali, alimkandamizia mama kitenge kwenye jeraha. Kilikuwa kimoja cha vile vya kutandika, kimegeuzwa upande uliokuwa na nafuu. Dereva alifuta kioo kwa kiganja, mvua ikakifunika tena.

"Usilie," mama alisema. "Si kubwa. Jicho naliona linafanya kazi."

"Kwa nini ulitoka, mama? Ulikuwa umeshasita."

"Nilisita, ndiyo. Mlio wake sikuupenda." Mama alihema taratibu. "Ndipo nikakutafuta wewe. Nikasema, mwanangu anavijua vitu hivi, kama ni hatari nitaiona usoni kwake. Nikakuona unatabasamu."

Alilisema hilo bila kinyongo chochote, kama anavyoeleza bei ya maharage. Bajaji ilidumbukia kwenye shimo na kutoka. Mama akaufunika mkono wa binti yake kwa wake, ili kitenge kisitoke mahali pake.

"Sasa nimalizie yale ya kwenye kikao," alisema. "Panga likilowa, halafu?"

"Panga likilowa, mama," Domitila alianza, na sauti ikamkatikia palepale alipokuwa ameishia siku ile.

Mama alisubiri amalize.