Mwenyeji Hakai

Siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa ukoo wao, Radoje alishinda amesimama, kama desturi inavyomtaka mwenyeji: wageni wakae na kula, yeye awahudumie. Alimimina rakia, pombe kali ya matunda, akazungusha sahani za samaki, akaenda jikoni hata pasipo haja.

Mwaka mzima hakuwa na siku nyingine ya kusimama kwa heshima. Siku zote akikataa kiti mgahawani wenzake walimcheka: "Radoje, una msumari matakoni?" Na msumari ulikuwapo kweli. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia kiungoni, nyuma ya nyonga. Akitembea ilimwachia kidogo. Akikaa tu, ilimchoma toka takoni hadi pajani. Kuwaambia aliona aibu. Nani analalamikia tako mbele ya watu?

Leo meza ilijaa vicheko. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa haijapata joto la namna hii.

Mara jirani yake, mzee Vitomir, akainuka. "Haya jamani, twendeni. Mtoto wa watu kasimama tangu asubuhi, hivi hatuna huruma?"

"Kaeni, mzee wangu! Bado mapema."

"Acha ustaarabu wako, mwanangu. Sisi tukitoka ndo utakaa."

Wakambusu mashavuni, wakaondoka wote kwa kumhurumia.

Radoje akafunga mlango. Akazunguka meza, akirudisha viti kimoja kimoja. Sasa vyote vilikuwa vyake. Akala samaki aliyebaki, amesimama.