Namba Kumi na Sita

Mzee Eustakio hakuwa na kompyuta. Hakuwa na cheti cha sekondari, wala Kiingereza cha kusoma bila kamusi, wala miwani yenye mikono miwili. Mahali pa mmoja alifunga uzi. Alichokuwa nacho ni miaka minne ya masomo ya jioni ya ufundi wa redio, miaka thelathini ya kutunza stoo ya shule hapa Nachingwea, na ulimi usiojua kusema "sijui."

Ndiyo maana Rukaiya alipofika kutoka Ruangwa, mwalimu Gwakisa alimleta moja kwa moja kwa mzee.

Rukaiya alitoa kwenye mkoba makasha mawili meusi, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia. Yalikuwa ya marehemu mumewe, mwalimu Kaimu, aliyewahi kufundisha hapa na aliyekuwa na kompyuta ya nyumbani ya zamani, ile inayotumia televisheni kama kioo. Kwa miaka miwili Kaimu aliandika ndani yake maneno ya Kimwera ya wazee, hata majina ya majani, akayahifadhi kwenye kaseti. Kompyuta ilikwisha kufa. Kaseti ilibaki.

"Kuna fundi Dar es Salaam anayo kama ile, nzima," alisema Rukaiya. "Lakini akili ya mashine hiyo ni ndogo, yaliyomo kwenye kaseti hayaingii mpaka ichomekwe kasha la kumbukumbu kwa nyuma. Moja ya haya ndilo. Jingine ni la printa. Fundi anasema nikimpelekea lisilo lenyewe, litaunguza mashine, na hana nyingine. Anataka barua yenye saini ya mtu anayejua."

Mzee aligeuza kasha la kwanza. Pembeni palikuwa na rangi nyeupe: 16.

"Hili hapa! Kilobaiti kumi na sita. Kumbukumbu za zama zile zilikuwa hivyo hivyo."

"Una uhakika, mzee?" aliuliza Gwakisa.

"Mwalimu, mimi nilisoma kwa taa ya chemli. Ninyi wa Mbeya mmesoma kwa umeme na bado mnauliza."

Gwakisa alicheka. Barua iliandikwa, saini ikapigwa. Rukaiya akaanza kupangusa kasha la pili ili alirudishe mkobani. Vumbi lilipotoka, ikatokea rangi nyeupe: 17. Saba ile ilikuwa na kistari kiunoni.

Mzee alilichukua kasha, akaifuata saba hiyo kwa kidole. Ulikuwa mwandiko wake. Miaka yake ya stoo, kila mali ya shule, kuanzia jembe hadi mpira, aliipiga namba kwa brashi mwenyewe. Kaimu alikuwa ameazima makasha yale stoo. Kumi na sita haikuwa kilobaiti. Ilikuwa mstari wa kumi na sita katika daftari la mali.

Rukaiya alikuwa akitabasamu. "Nitasoma tena jinsi alivyoliita kila jani."

Angenyamaza, nani angejua? Lakini kaseti ilikuwa moja, na mashine moja.

"Mama, nimekosea," alisema. "Hiyo namba niliipaka mimi."

"Heee!" Gwakisa alishika kichwa. "Chemli ilizimika, mzee?"

"Ilizimika. Nipe bisibisi."

Alifungua makasha yote mawili juu ya gazeti. Ndani ya la kumi na sita mlikuwa na vipande vitatu vyenye miguu kama jongoo, kila kimoja na ukubwa wake. Ndani ya la kumi na saba vilijipanga vinane, safu mbili, vyote sawa kama askari.

"Herufi moja hukaa kwa biti nane," alieleza taratibu, kidole kikihesabu. "Kila kipande hubeba biti yake, ndiyo maana ni vinane na vyote pacha. Kumbukumbu ni hili. Safari hii sisomi rangi."

Alichana barua ya kwanza. Katika ya pili aliandika alichokiona ndani, akachora safu zile mbili, kisha akaongeza kwa mkono uleule wa stoo: "Namba za rangi ni zangu, za daftari la mali. Zilinidanganya kwanza. Usizifuate."

"Hilo la kudanganywa si lazima uliandike, mzee," Rukaiya alisema kwa upole.

"Ni lazima, mama. Fundi naye ataiona namba."

Alipaka gundi kwenye bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaifunga pamoja na kasha la kumi na saba, na Gwakisa akaupeleka mzigo kwa kondakta wa basi la Dar es Salaam.