Ishara ya Kuzima

Mtaani walimwita Mama Spika, ingawa hakuwa na mtoto wa kuitiwa umama, na spika zenyewe hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa zake na za mdogo wake wa kiume, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa tangu utotoni akishaamka haachi kusema mpaka usingizi umnyamazishe. Kwa arusi, kwa misiba, kwa mahubiri na kwa siasa, mji mzima ulikodi kwao. Asiyetaka bei yao alikuwa huru kupiga kelele kwa koo lake.

Baba yao ndiye aliyewaachia kazi hiyo, pamoja na pikapu kuukuu na utaratibu wake. Mkubwa hukaa upande mmoja wa uwanja kwenye mashine ya sauti. Mdogo hukaa upande wa pili na jenereta, mbali na jukwaa, ngurumo yake isije ikaingia kwenye maiki. Katikati yao pana umati na makelele, kwa hiyo waliongea kwa mikono. Kidole gumba juu, mambo sawa. Ngumi, umeme unayumba, hebu angalia. Mkono ukikatisha shingoni, zima. Hiyo ya mwisho haikuwa na mjadala. "Zima kwanza, uliza baadaye," mzee alizoea kusema, na katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja Redio hakuwahi kuuliza kwanza.

Halafu ukaja uchaguzi wa rais, na watu wazima wenye akili zao wakageuka vichaa. Chama cha Ngazi kilikuwa madarakani na chama cha Ndoo kilitaka kukitoa. Watu wa Ngazi waliwaita wenzao ndoo zilizotoboka, na watu wa Ndoo wakajibu kwamba ngazi ni kitu cha mwizi wa kuingilia dirishani. Hayo yalikuwa ya kuchekesha mwanzoni. Baadaye yakaja ya kutukanana wazazi, na fundi viatu akaacha kushona kiatu cha jirani yake kwa sababu ya rangi ya fulana.

Dada mtu alikuwa Ngazi, kwa mazoea zaidi kuliko kwa hoja, kwa kuwa baba yake alikuwa Ngazi. Redio alikuwa Ndoo kufa na kupona. Tena, tuseme haki, alikuwa na sababu zake. Ndoo walinyimwa uwanja mara kwa mara; leo unafanyiwa ukarabati, kesho una mechi. Habari zao redioni zilisomwa mwisho, baada ya hali ya hewa. Mabango yao yalichanwa mchana kweupe na polisi wakatazama pembeni. "Siombi tupendelewe," Redio alikuwa akisema mezani, mdomo umejaa chakula. "Naomba tusikilizwe tu. Watu wakitusikia wakatukataa, basi, tumeshindwa kihalali." Mama yao alimwambia ameze kwanza. Dada yake alicheka, akamwongezea mchuzi.

Siku Ndoo walipopata uwanja hatimaye, kwa kibali cha saa chache, mji ulifurika. Mgombea wao wa urais alikuwa amesafiri kutoka mbali, amekaa jukwaani anangoja zamu yake. Kabla yake akapanda mpiga debe mmoja, mtu wa maneno mengi na haya kidogo. Mgombea wa Ngazi alikuwa mwanamke, na hakuwa na mtoto.

"Mti usiozaa," mpiga debe alisema, "mnaupa shamba wa nini?"

Umati ukaangua kicheko. Yule hakukomea hapo. Akasema mwanamke kama huyo hata mumewe alimpa talaka, sasa anatafuta nchi nzima imwoe.

Mama Spika alikuwa ameachwa kwa sababu hiyohiyo. Alirudishwa kwa mama yake na sanduku moja na godoro, na Redio ndiye aliyekwenda kumchukua kwa pikapu, njia nzima anamsimulia vichekesho ili asilie. Sasa akiwa kwenye mashine yake alinyanyua macho kumtafuta ndugu yake ng'ambo ya umati. Redio alikuwa amejishika mbavu, anacheka na wenzake.

Mkono wake ukashuka wenyewe ukafunga sauti. Angeweza kuifungua palepale. Hakuifungua. Aliinama chini ya meza akajifanya anapekua nyaya, na alikaa huko chini machozi yakimtoka huku watu wakipiga mbinja na kupayuka kwamba wamehujumiwa. Alipojifuta uso na kurudisha sauti, muda wa kibali ulikuwa umeyoyoma. Mgombea aliyetoka mbali alisalimia, akashukuru, na askari wakaanza kuonyesha saa zao.

"Waya ulikatika," aliwaambia waliomjia juu.

Jioni, nyumbani, Redio alizitandaza nyaya zote sebuleni akazipapasa moja moja, toka ncha hadi ncha. Kisha akaja jikoni akasimama mlangoni.

"Dada, nyaya ni nzima."

"Fundi ni nani, mimi au wewe?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakuuliza." Aliongea polepole, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. "Niambie tu kweli. Nitakasirika leo, kesho yataisha."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Lakini ili aseme alichofanya ilimbidi aseme kwa nini, na ili aseme kwa nini ilimbidi ataje kile kicheko, na tangu arudi na godoro lake hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu. Isitoshe alikuwa na hasira bado. Alitaka ndugu yake ajue bila kuambiwa.

"Waya ulikatika," alisema, akaendelea kukosha sufuria.

Kuanzia hapo nyumba ikaingia baridi. Redio akaanza kula nje. Akiwa ndani alisema na mama yake tu, na akitaka kitu kwa dada yake alimtuma mama: mwambie mtu wa Ngazi anipe funguo. Naye dada hakuwa mnyonge wa ulimi. Alijibu kwamba ndoo tupu haziachi kuvuma. Mama yao alikaa katikati akipeleka maneno kama tarishi wa kulazimishwa, huku akiwaambia wote wawili kwamba marais huja na kupita ila tumbo lililowazaa ni hili moja. Hawakumsikiliza.

Ulipofika mkutano wa mwisho wa kampeni, Ndoo hawakutaka kumwona Mama Spika. Ila mjini hapakuwa na spika nyingine za kutosha uwanja. Redio akaitwa mbele ya kamati yao akaulizwa kama dada yake anaaminika. Akasimama akasema, "Dada yangu si mtu wa hila. Mimi namdhamini." Mama ndiye aliyemletea Mama Spika habari hiyo, akidhani itamfurahisha. Mama Spika alishindwa kula usiku huo. Alijiambia kwamba mkutano ukiisha, wakiwa wanakunja nyaya wawili peke yao, atamweleza.

Kamati haikutegemea udhamini peke yake. Iliweka vijana wawili wenye fulana za chama wamsimamie kwenye mashine, mmoja kulia na mmoja kushoto, wasimpe nafasi hata ya kujikuna. Mgombea akapanda jukwaani, akaanza kusema, na safari hii akasema vizuri. Alizungumzia hospitali zisizo na dawa na walimu wasiolipwa, bila kumtukana mtu. Hata Mama Spika alijikuta anasikiliza.

Ndipo alipoona moshi. Haukuwa ule wa kila siku unaopanda juu na kupotea. Huu ulitambaa chini, mweupe, ubavuni mwa jenereta, pale mpira wa mafuta unapopita karibu na bomba la moshi. Kitu kilikuwa kinadondoka hapo. Redio alikuwa amelipa jenereta mgongo, macho yote jukwaani, na pembeni yake limekaa dumu la petroli, na nyuma ya dumu wamekaa watoto waliokuja kutazama.

Mama Spika alipunga mkono mpaka Redio akamwona. Akapitisha mkono shingoni.

Redio alimtazama. Alimtazama vizuri, Mama Spika aliapa hivyo maisha yake yote. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, kwa huzuni zaidi kuliko hasira, na akageuka akasimama mbele ya swichi mikono ameikunja kifuani, kama mtu anayelinda mlango.

Akarudia ishara. Akataka kukimbia, wale vijana wakamdaka. "Leo huzimi kitu," mmoja alimwambia. Alipiga kelele kwamba kuna moto, ila spika zake mwenyewe, zilizofungwa vizuri kwa mikono yake mwenyewe, zilimmeza. Aliyesikika uwanja mzima ni mgombea, akisema zamu yao imefika.

Moto ulipolipuka Redio hakukimbia. Alilikumbatia lile dumu akalikimbiza mbali na watoto. Watoto wote walipona. Dumu lilimwakia kifuani.

Spika zilivunjwa siku ileile, hatujui na nani. Ndoo walisema Ngazi wamechoma jenereta, Ngazi wakasema Ndoo wamejichoma wenyewe waonewe huruma. Redio alilala wodini amefungwa bandeji toka shingoni hadi vidoleni, na katibu wa chama chake akaja na simu ya kurekodi.

"Sema tu walichokufanyia, kamanda," katibu alimbembeleza. "Nchi nzima inangoja."

"Mpira wa mafuta ulichakaa," Redio alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza. "Nilitakiwa niubadilishe mimi. Dada aliniashiria nizime, nilimwona."

"Huyo ndiye aliyetukatia sauti mara ile."

"Nimekwambia kilichotokea. Rekodi au acha."

Katibu alizima simu akaondoka bila kuaga. Mama Spika alibaki amekaa kwenye kiti cha chuma, mikono mapajani. Ndugu yake alikuwa ametoka kusema kweli iliyokiumiza chama chake, akiwa katika maumivu yale, na yeye mwenye afya alikuwa ameshindwa kusema ya kwake jikoni.

"Sikukuamini, Dada," Redio alisema akitazama dari. "Mara ya kwanza maishani."

Kisha akanyamaza akangoja. Alikuwa anangoja, hilo halina ubishi; mtu aliyezoea kusema bila kituo alikaa kimya akimwachia nafasi. Maneno yalimfika Mama Spika kooni. Ila nesi alipita na toroli la dawa, kitanda cha jirani kulikuwa na wageni wanaosikiliza, na mgonjwa alionekana kuchoka.

"Pumzika," alimwambia. "Tutaongea kesho."

"Haya," alisema Redio.

Kesho yake alipofika na uji, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

Mazishini watu walijipanga makundi mawili, Ndoo huku na Ngazi kule, kaburi katikati. Kila upande ulikuja na bendera ukitaka kumfunika nayo. Mama yao akazikataa zote mbili. Akasema mwanawe alizaliwa bila bendera. Kina mama wa pembeni walinong'ona kwamba ndiyo hayo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Spika alisikia. Akaona hawezi kuliacha neno hilo limfuate ndugu yake shimoni, akasogea mbele.

"Msimlaumu," alisema. "Mkutano ule wa kwanza waya haukukatika. Nilizima mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nilitukanwa nikaumia. Yeye alijua. Ndiyo maana siku ya moto hakuniamini. Mkuu ndiye aliyemfundisha asisikie."

Hakukuwa na maiki. Sauti yake iliwafikia watu wa mbele, tena si wote. Wa nyuma waliuliza amesema nini, na kila mmoja akaambiwa alichotaka kusikia. Kabla udongo haujakauka, upande mmoja ulikuwa unatangaza kwamba amekiri kuwasha moto, na mwingine kwamba ametishiwa na Ndoo ili akiri. Walianza kusukumana palepale kati ya makaburi.

Mama yake alimshika mkono wakaondoka. Nyumbani mama alivua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Redio, akalaza kiganja juu ya mto.

"Yale uliyosema pale," aliuliza, "ulimwambia mwenyewe?"

"Sikumwambia, Mama."

"Hata hospitali?"

"Nilisema tutaongea kesho."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu kisichokamilika.

"Kila siku alipokuwa akitoka hapa aliniuliza kama umesema chochote," alisema. "Nikamwambia bado. Akaniambia, usimharakishe, Mama, atasema."