Kiti cha Mlangoni

"Toka kwenye hicho kiti, Baba Eli."

"Punguza sauti. Ungekuja ibadani badala ya kukimbilia mikoba ya biashara soko la Shiling siku ya Jumapili, ungeyasema haya mapema."

Niliyasema mapema, na aliniahidi. Mtoto asiingie tena mle peke yake. Sasa nilikuwa nimesimama koridoni, kwenye fleti ya mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, China, tunakosali sisi Wamormoni wageni, na Elinami wetu wa miaka kumi na minne yuko ndani na rais wa tawi, mkuu wa kanisa letu hapa. Mlango umefungwa. Medard, mume wangu, mshauri wa rais, amekalia kiti cha plastiki, mgongo kauegemeza mlangoni. Ndiyo kazi yake vijana wanapohojiwa: mtu asiingie.

Baada ya mahojiano yaliyopita Eli hakugusa chakula. Baadaye aliniuliza kama Mungu naye huuliza maswali ya namna ile. Aliponitajia moja, niliuachia mwiko ndani ya sufuria. Hata daktari angemwita mama kwanza, kabla ya kumuuliza mtoto mambo hayo ya mwili.

Medard aliwapigia simu viongozi wa juu. Wakamjibu kwamba rais ameitwa na Mungu, tumwombee, na tusieneze maneno, maana serikali ya hapa inatuvumilia tu. Akakata simu akiwa ametulia. Mimi sikutulia.

Sebuleni kina mama walikuwa wakikunja viti, hakuna aliyetazama upande wetu. Mle ndani kiyoyozi kiliongezwa nguvu, kikaanza kunguruma. Sauti ya rais ilisikika chini kwa chini, ndefu. Ya Eli haikusikika kabisa.

"Nikinyanyuka hapa, Mama Eli, nimeuvunja wito wangu," Medard alisema. Alikuwa anatoka jasho.

"Eli anajua ni wewe unayeuzuia huu mlango?"

Alitazama viatu vyake.

Mle ndani kiti kiliburuzwa, kikasogea karibu na kingine.

Nilishika mguu wa kiti cha Medard nikakivuta naye akiwa juu yake. Akayumba, akasimama, akabaki ameushika ukuta. Nikafungua mlango.

Rais alitabasamu. "Dada Bertila, bado hatujamaliza."

"Mmemaliza. Eli, beba begi lako."

Alilibeba. Mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya bomba. Tulipita mbele ya baba yake, tukapita katikati ya kina mama na viti vyao, na hatukungoja lifti.