Mzunguko wa Sita

Makuruta wa zimamoto walikuwa saba, lakini Afande alisikia buti za watu wanane.

Alisimama kwenye kivuli cha gereji na saa yake mkononi, akiwahesabu wakipita nyuma ya mnara wa mazoezi. Mmoja, wawili, mpaka wa saba. Kisha, pale uwanja ulipotakiwa kunyamaza, zikapita buti nyingine, nzito, zikiburuza kisigino. Hakugeuka. Mwaka mzima alikuwa akijizoeza kutogeuka.

Wenzake kituoni walimcheka chinichini. Afande, aliyekuwa moto wa kuotea mbali, sasa amegeuka yaya! Mazoezi yalianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla lami haijashika joto. Kila robo saa watu walivutwa kivulini, kofia chini, maji mdomoni, mwenye kiu na asiye na kiu. Wiki ya kwanza hakuna kuvaa koti zito, mwili uzoee kwanza. Tena aliwauliza watu wazima rangi ya mikojo yao, bila haya, na aliyejibu kwamba wake ni kama chai ya rangi hakurudi uwanjani siku hiyo.

Waliomcheka hawakuwepo mwaka uliotangulia, au walikuwepo na wameamua kusahau. Kulikuwa na kuruta waliyemwita Mluzi, maana hakuweza kufunga buti bila kupiga mluzi. Saa nane mchana, koti mgongoni, alimaliza mzunguko wa tano akiburuza kisigino, akamsogelea Afande.

"Afande, naomba maji."

Afande alijibu kwa sauti, kila mtu asikie. "Zimamoto gani anayelilia maji?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mluzi naye akacheka. Akaingia mzunguko wa sita, akaanguka nyuma ya mnara, hatua ishirini kutoka kwenye gari lililojaa maji mpaka juu. Wakamkimbiza hospitali vilevile alivyo, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakufika. Ripoti ilisema aliugua ghafla. Afande ndiye aliyeiandika.

Na mwaka huu, kati ya wale saba, alikuja dada yake Mluzi, aliyemzidi kwa miaka miwili. Siku ya kwanza alisimama mbele ya Afande akamwambia, "Mimi ni dada yake yule. Sitaki kubebwa." Siku mbili nzima chakula kilimshinda Afande.

Jumatatu mkuu wa kituo akamwita ofisini, feni ikizunguka juu ya kichwa chake. Wageni kutoka makao makuu wangekuja Alhamisi, nao walitaka kuona makuruta wakikimbia na vifaa vyote. Saa nane.

"Mkuu, saa nane jua linaua. Tuwaombe waje asubuhi."

"Kwani moto unachagua saa?"

"Moto hauchagui. Lakini saa ya kujifunza tunachagua sisi."

"Umeanza kuzeeka, Afande. Saa nane."

Miaka ishirini na minane ya kutii haivuliwi kama shati. Alitii.

Alhamisi lami ilikuwa laini chini ya soli. Afande alipanga ndoo za maji kando ya njia, na makuruta sita walisimama wakanywa. Dada mtu alipita bila kuzitazama. Mzunguko wa tano Afande akamwita.

"Njoo unywe!"

"Bado mmoja!"

Alipokata kona, Afande aliona miguu yake inapishana kama ya mlevi. Wenzake walikuwa mbali, lakini alikuwa akiongea. Aligeuza uso kulia, kama mtu anayezungumza na mwenzake anayekimbia naye sambamba, akasikiliza, akacheka. Na pembeni yake, wazi kabisa, Afande akasikia kisigino kikiburuza.

"Simama!"

"Mwache amalize," mkuu alinong'ona, akiwatupia wageni jicho.

Afande alikuwa ameshakimbia. Alimkinga kifuani nyuma ya mnara. Mwili ulikuwa wa moto kama bati la juani.

"Mbona unatuzibia njia?" dada mtu akauliza.

"Jina lako nani?"

Alifikiri. Hakulijua.

Afande alimlaza kivulini, akamvua kofia, koti na buti. "Leteni mpira wa maji! Wewe piga simu, gari la wagonjwa lije!"

"Tumpakie kwenye gari letu twende!" mkuu alifoka.

"Apoe kwanza! Mwingine alitufia njiani kwa haraka hiyohiyo!"

Maji yakamwagika shingoni, kwapani, mapajani, huku makuruta wakimpepea kwa maboksi. Afande hakuacha kumwagia. Dada mtu akaanza kutetemeka, akafumbua macho, akamtukana tusi zito la wazi. Afande alilia mbele ya wageni wote.

Siku ya tatu alimkuta hospitalini, ameketi kitandani.

"Alikuwa pembeni yangu," dada mtu akasema. "Aliniambia nisinywe, watu watanicheka. Kwa nini aniambie hivyo?"

Afande angeweza kusema ni joto, ni ndoto za mgonjwa. Badala yake alimweleza yote, pamoja na yale maneno yake na kicheko kilichofuata. Dada mtu aligeukia ukutani.

"Mama hajui," akasema hatimaye.

"Hajui."

"Basi si mimi nitakayemwambia."

Jumapili, baada ya kuacha mezani kwa mkuu ripoti mpya ya kifo cha Mluzi, yenye sahihi yake, Afande alikwenda kwa mama yao bila sare. Mama alikuwa fundi cherehani, chumba kimejaa sketi za shule ambazo hazijapindwa. Afande alisimama mlangoni akasema kila kitu kwa mara moja, maana angepumzika angeshindwa. Cherehani ikanyamaza. Akasubiri kufukuzwa.

Mama aliondoa rundo la sketi kwenye kiti.

"Umeanzia mchana," akasema. "Mimi wewe nitakulaani baadaye, nafasi ninayo. Kwanza rudi kwenye asubuhi ya siku ile. Alifika saa ngapi? Alimsalimia nani? Alikuwa na furaha?"

Afande akakaa.

"Alichelewa dakika tano, mama," akaanza. "Nilisikia mluzi wake kabla sijamwona."