Sauti ya Kumpeleka Buluo

Mwaka ule wa 1993 dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha Likasi nzima, na mguu wa Hilaire, uliopondwa na jiwe kule kwenye machimbo ya Kakontwe, ulikuwa umeanza kuoza. Muuguzi Augustin akamwambia Bibiane, mke wa Hilaire, kwamba atamtuliza mumewe kwa sauti tu, ndipo amkate mguu.

Sauti gani hiyo, jamani? Augustin akamweleza polepole kwamba si usingizi wala si uchawi. Mtu husikiliza sauti anayoiamini mpaka mawazo yake yote yanaifuata, na maumivu yanabaki yakibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Asiyekubali hapelekwi popote. Aliyempeleka ndiye humrudisha, taratibu, na kimya lazima kiwepo. Bibiane akakubali shingo upande.

Basi Hilaire akapelekwa kwa maneno hadi kijito cha Buluo, alikozoea kuvua. Kisu kikaingia, hakupepesa hata ukope. Hapo moyo wa Bibiane ukapasuka paa! Katika kikundi chao cha maombi, mtu akilegea hivyo, roho yake imeshikwa, na wenzake humtikisa na kumkemea mpaka arudi. Akamshika mabega, akapaza sauti kwa jina la Yesu. Hilaire akarudi kweli, maskini, kisu kikiwa ndani. Akaruka, mshipa ukakatika. Mguu ulitoka, lakini damu ilitoka zaidi, na ya kumwongezea haikuwepo.

Jioni maumivu yakamzidi. Augustin akajaribu tena, lakini hofu ilikwisha kumwingia mgonjwa. Akamwuliza ni sauti ya nani anayoweza kuifuata.

"Ya Mama Josée," Hilaire akasema, akimtaja mkewe kwa jina la binti yao.

Bibiane alitamani ardhi immeze. Yeye, mwenye kelele zile! Akapiga magoti kuomba msamaha, mumewe akafumba macho tu, akingoja.

"Baba Josée, tumefika Buluo. Maji iko baridi. Tia miguu yote mbili."

Uso wa Hilaire ukalainika. Bibiane akamwonyesha nyavu, samaki, watoto wa jirani wakioga. Aliongea mpaka koo likamkauka. Augustin akaja, akatafuta mapigo kwenye mkono wa Hilaire, akaulaza chini.

"Mama Josée, inatosha. Haiko anasikia tena."

"Bado," Bibiane akasema. "Miye sijamurudisha." Akamwinamia mumewe. "Baba Josée, toka mu maji sasa. Twende ku nyumba."