Unga wa Muhogo kwenye Injini

...basi hii oili na itokee pale nyuma, Mungu wangu, itokee kwenye sili ya krenki, ule mpira wa kuizuia, maana ile aliifunga Bonifasi na maneno yataishia hapo, Leodgar alikuwa akiomba hivyo kimoyomoyo, kalala chali chini ya Landrova ya zahanati, tochi mkononi, karai pembeni limetegwa, na viatu vyeupe vya Sista Verediana vimesimama karibu na gurudumu, Sista anauliza, fundi, umeona, naye anajibu bado, Sista, tuiache ingurume kidogo... injini yeye na Bonifasi wameishusha, wameifumua, wameipanga upya chuma kwa chuma, halafu safari moja tu ya kufuata wagonjwa Katonga imemwaga oili yote njiani, na siku tisa sasa yeye anamwambia kila mtu kuwa ni kazi ya yule mkimbizi, akamwambia hata Sista, Sista akaikunja barua aliyokuwa amemwandikia mkuu wa kambi kumwombea Bonifasi kibali cha kurudi gereji, akasema siwezi kumwombea mtu aliyeniharibia gari la wagonjwa... na unga huu wenyewe ni mafundisho ya Bonifasi, futa injini mpaka ikauke, nyunyiza unga wa muhogo, washa, unga utakapolowa ndipo penye ugonjwa, mama yake Leodgar alinuna siku ya kwanza, eti wanachezea chakula, kisha akacheka, akamsema Bonifasi kwa Kiha, Bonifasi akajibu kwa Kirundi chake cha ng'ambo, wakaelewana kama watu wa nyumba moja... nyuma peupe. Akasogeza tochi. Peupe kabisa, unga umekaa kama alivyounyunyiza, sili haijatoa hata tone, ila huku ubavuni, kwenye filta, unga umekuwa uji mweusi unaochuruzika hadi karaini, na filta ameifunga nani, ameifunga nani, Leodgar, usijifanye umesahau... siku ile ya msako wa wakimbizi walio nje ya kambi, Bonifasi ndiyo kwanza amemaliza sili, imebaki filta na oili tu, askari watatu mlangoni, huyu ni wa wapi, na Leodgar, ambaye akifungua mdomo kwa lugha ya mama yake hata yeye anaweza kupakiwa kwenye lori, akajisikia anajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha redioni, kwamba hamjui, kaja asubuhi hii kuomba kibarua, miezi minane wamekula sahani moja, na Bonifasi akamtazama bila hasira, afadhali angekasirika, akasema polepole, "Leodgar, babwire," yaani waambie, neno ambalo kila mtoto wa Buzebazeba, mtaani kwao, mwenye bibi analijua, naye akawageukia askari akasema, "Sielewi anachosema..." lori likaondoka na Bonifasi, Leodgar akashika filta mpya, akaifunga hivyo hivyo, hakupitisha hata kidole kuangalia, na sasa kidole kinapita, kinakuta ukingo wa mpira umechomoza, mpira wa filta ya zamani umeganda palepale na mpya umekaa juu yake, kosa ambalo Bonifasi asingelifanya hata akiwa usingizini... angeweza kuubandua sasa hivi, akautia mfukoni, akasema nimerekebisha sili ya yule bwana, nani atajua, injini itapona na Bonifasi atabaki kambini akipanga foleni ya mahindi, na mama nyumbani ataendelea kuuliza yule mwanangu wa ng'ambo ataruhusiwa lini, jana kauliza tena, akamwekea na dagaa pembeni... inauma, inauma kuliko alivyodhani... babwire, babwire...

"Umesemaje, fundi?"

Kumbe limemtoka kwa sauti. Viatu vyeupe viko palepale, injini inanguruma, oili inadondoka karaini.

"Nimesema waambie, Sista. Ni Kirundi. Nakielewa." Akaelekeza tochi kwenye filta. "Na hii filta inayovuja niliifunga mimi."